Louis Pasteur, mtoto wa fundi wa ngozi

Louis Pasteur alizaliwa katika mji wa Dole, nchi ya Ufaransa, siku ya 27 Desemba 1822. Baba yake, Jean-Joseph, zamani alikuwa askari wa Napoleon, akapewa nishani kwa ushujaa wake. Vita vilipokwisha alirudia kazi ya wazee wake, ndiyo kazi ya kutengeneza ngozi. Kazi hiyo ni nzito. Ngozi mbichi hutolewa manyoya, kisha hulowekwa miezi mingi katika mashimo yenye maji na maganda ya miti yaliyopondwa. Harufu yake huingia hata ndani ya nyumba.

Louis alipokuwa bado mdogo, wazazi wake walihamia Arbois, mji mdogo wenye mashamba ya mizabibu, wakakaa kando ya mto Cuisance. Huko alianza shule. Mtu asidhani kwamba alikuwa wa kwanza siku zote. Alikuwa mwanafunzi wa katikati tu, mpole, mwenye kwenda polepole. Hakujibu neno kabla ya kuwa na hakika nalo. Alipenda kuvua samaki pamoja na wenzake, na zaidi alipenda kuchora kwa chaki za rangi. Alipokuwa na miaka 13 alichora sura ya mama yake, naye amevaa shali ya kwenda sokoni. Picha hiyo ipo hata leo.

Baba alitamani jambo moja: mwanawe awe mwalimu katika shule ya Arbois, asichume mkate wake kwa taabu kama yeye. Lakini mkuu wa shule aliona zaidi. Aliona kwamba ule upole wa Louis si uzito wa akili, bali ni uangalifu. Akamshauri aende Paris, apate kujiandaa kwa mtihani wa kuingia École Normale, shule kubwa ya kufundishia walimu. Baba alisita. Paris ilikuwa mbali, na fedha ya nyumbani ilikuwa kidogo. Mwishoni alikubali, maana Bwana Barbet, mwenye bweni moja huko Paris, alikuwa mtu wa kwao, akakubali kumpunguzia malipo.

Basi, mwisho wa mwezi wa Oktoba 1838, Louis na rafiki yake Jules Vercel walipanda gari la farasi, mvua na baridi zikiwapiga. Louis alikuwa na miaka 15. Kufika Paris, moyo wake ulivunjika. Mchana hakuweza kushika masomo, usiku hakupata usingizi. Alikumbuka wazazi wake, dada zake, mto wao, hata ile harufu ya ngozi iliyochukiza wageni. Alimwambia Jules kwamba kama angeweza kuinusa tena, angepona. Bwana Barbet alijaribu kumtuliza, asiweze. Akamwandikia baba.

Siku moja, katikati ya Novemba, Louis aliitwa: mtu anamngoja katika duka dogo la vinywaji, karibu na shule. Alipoingia alimkuta baba yake ameketi peke yake, kichwa mikononi. Baba hakumgombeza wala hakumwuliza neno. Alikuwa amekuja kumchukua.

Kurudi namna hiyo ni aibu kwa kijana, na Louis aliisikia sana. Kwa siku kadhaa alishika chaki zake tu, akichora sura za majirani. Kisha akarudi shuleni Arbois, akafanya kazi kwa nguvu hata mwisho wa mwaka akapata zawadi nyingi. Mwaka 1839 baba alimpeleka shule ya Besançon. Hapo si mbali, na baba mwenyewe alikuwa akifika huko kuuza ngozi zake, akapata kumwona mwanawe.

Mwaka 1840 Louis alishinda mtihani wa lugha na fasihi, akapewa kazi ya kuwasimamia wanafunzi wadogo kwa faranka 300 kwa mwaka, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Mara alitaka kulipia masomo ya dada yake kwa fedha hiyo. Lakini mwaka 1841 alianguka katika mtihani wa sayansi. Alirudia. Mwaka 1842 alishinda, na katika hati yake walimu waliandika kwamba elimu yake ya kemia ni hafifu. Kemia, ambayo baadaye ilimpa sifa duniani!

Mwaka huohuo jina lake lilikubaliwa kwa mtihani wa École Normale, lakini lilikuwa chini katika orodha. Wengine wangefurahi na kuingia haraka. Louis alikataa kuendelea, akataka kujaribu tena mwaka wa pili, na wazazi walimkubalia, ingawa ilikuwa mwaka mwingine wa kulipa. Akarudi Paris, kwa Bwana Barbet yuleyule. Safari hii moyo haukumshinda. Kila asubuhi, tangu saa kumi na mbili hata saa moja, alifundisha watoto hesabu, ndiyo maana alilipa theluthi moja tu ya malipo. Mwaka 1843 aliingia École Normale, naye alikuwa wa nne.

Baba naye alianza kusoma. Jioni, baada ya kazi ya ngozi, alifungua vitabu. Louis alimtumia masomo kwa barua, akisema ni ya kumsaidia dada yake, ili mzee asione haya kuwa mwanafunzi wa mwanawe. Na mzee alikesha akihangaika na hesabu zile.

Mambo mengine yanajulikana. Pasteur alionyesha jinsi vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoharibu divai na maziwa na kuleta magonjwa. Tarehe 6 Julai 1885 alianza kumtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mganga alimchoma sindano za dawa ya Pasteur siku kwa siku, na mtoto akapona. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895.

Miaka 12 kabla ya kufa kwake, tarehe 14 Julai 1883, watu wa Dole waliweka kibao cha ukumbusho juu ya ile nyumba ndogo alimozaliwa. Wakubwa wengi walikuwapo. Pasteur alisimama kusema, akashindwa kuzuia machozi. Mama yake alikuwa amekufa mwaka 1848, baba mwaka 1865. Aliwashukuru wote wawili mbele ya watu, akamtaja baba yake, fundi wa ngozi, aliyekuwa akisoma usiku baada ya kazi.