Salvatore Ferragamo, fundi wa viatu vya talon

Kila mama anayependa talon anajua vile inakuwa: kuvaa ni mwepesi, kutembea ndiyo shida. Siku ya ndoa anatoka nyumbani mrefu na maridadi, jioni anarudi viatu mkononi, anakanyaga vumbi na miguu mitupu. Fundi mmoja wa Italia alikamata shida hii akaifanya kazi ya maisha yake yote. Jina lake Salvatore Ferragamo. Amekufa tangu 1960, lakini jina lake lingali linaandikwa juu ya viatu vya bei kali mu miji mikubwa ya dunia.

Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa sita 1898, mu Bonito, kijiji kidogo cha milimani, upande wa mashariki wa Naples. Wazazi walikuwa wakulima. Watoto walikuwa 14, yeye ndiye wa 11. Mu ile Italia ya kusini, kushona viatu ilihesabiwa kuwa kazi ya chini kabisa, na wazazi wake hawakutaka hata kuisikia. Lakini mtoto alikuwa anatoroka, anaenda kukaa mbele ya mlango wa fundi viatu wa kijiji na kuangalia paka mikono yake.

Kilichogeuza wazazi ni komunyo ya dada yake. Viatu vyeupe havikuwako, na feza ya kuvinunua haikuwako. Mtoto kuingia kanisani na viatu vibovu ilikuwa haya kwa jamaa yote. Salvatore alikuwa na miaka 9. Akaomba vyombo na vipande vya kazi kwa yule fundi, akakesha usiku, na asubuhi viatu vyeupe vilikuwa tayari. Tangu ile siku baba hakumukataza tena. Wakamtuma Naples kujifunza, akarudi, na mbele ya kutimiza miaka 15 alikuwa na duka lake mu nyumba ya wazazi, pamoja na wasaidizi waliokuwa wakubwa kumupita.

Ndugu zake wengine walikuwa wamekwisha kwenda Marekani. Yeye naye akapanda meli akiwa na miaka 16. Mu Boston mmoja wao alikuwa anafanya kazi mu kiwanda kikubwa cha viatu, mashini zinapiga kelele kutwa, jozi maelfu zinatoka. Kijana mwingine angeshangaa na kuomba kazi palepale. Salvatore aliangalia, akaona viatu vizito, vya kukata-kata tu, akakataa. Akawavuta ndugu zake mpaka California, mu Santa Barbara, pahali palikuwa kampuni ya sinema. Akaanza kutengeneza buti za wale wanaocheza makaboyi, na nyuma viatu vya mama waliocheza nao.

Mu 1923 watu wa sinema walikuwa wamehamia Hollywood, naye akawafuata. Duka lake lilikuwa mbele ya nyumba kubwa ya sinema, ile waliita ya Misri. Mu ule mwaka alitengeneza sandali nyingi za filme ya Cecil B. DeMille juu ya Amri Kumi. Mary Pickford, Gloria Swanson, Pola Negri, wote walikuja kukaa mu kiti chake na kumupa miguu. Kwa wale mama, kwenda kwa Ferragamo ilikuwa matembezi sawa vile kwenda sinema: wanakutana, wanaongea habari, wanapima, wanaangalia nani amevaa nini.

Lakini yeye aliona kitu kingine. Viatu vilikuwa vizuri kwa macho, na miguu ndani yake ilikuwa imeharibika: vidole vimepindana, ngozi ngumu, vidonda. Hii ikamusumbua sana. Akaenda kusoma mambo ya mifupa ya mwili kwenye chuo kikuu mu Los Angeles. Pale akapata jibu alilolishika mpaka kufa: mtu akisimama wima, uzito wote unashuka sawa timazi ya mwashi, unaanguka juu ya ule upinde wa katikati ya wayo. Viatu vya wakati ule vilishikilia kisigino na vidole, upinde wakauacha hewani. Akaanza kuweka pale kati kipande chembamba cha chuma kigumu, chini ya wayo, kubeba ule uzito.

Wasomaji wetu wa mine wataelewa upesi kuliko mafundi nguo. Kiatu cha talon ni daraja. Upande mmoja kinasimama juu ya kisigino, upande mwingine juu ya vidole, katikati ni tupu. Ukiondoa chuma, katikati inapinda na kuvunjika, sawa njia ya chini ya udongo ile haina nguzo. Na talon ikizidi kurefuka, ndivyo chuma kinapaswa kuwa kizuri zaidi.

Mu ile miaka ya Amerika aliona pia msiba: ajali ya gari iliua ndugu yake mmoja, yeye akavunjika mguu na kukaa muda mrefu hospitali.

Mu 1927 akarudi Italia, mu mji wa Florence, kwa sababu alitaka mafundi wa mkono, na Marekani hawakuwako. Akafundisha vijana wengi, kila mmoja na sehemu yake ya kiatu, na viatu vikawa vinauzwa Marekani. Nyuma ikaja ile krizi kubwa iliyoanza 1929, ile iliyoangusha bei ya shaba na kurudisha wafanyakazi wengi wa Katanga mu vijiji vyao. Marekani hawakununua tena. Mu 1933 Ferragamo alifilisika kabisa. Akaanza upya, pole pole, kwa kuuzia watu wa Italia yenyewe.

Alipoanza kusimama, vita ya Afrika ikaingia mu kiatu chake. Mu 1935 Mussolini alishambulia Etiopia. Mataifa yakaiwekea Italia vikwazo, na chuma kizuri kikaenda kwa jeshi. Kile Ferragamo alichopata kilikuwa kibovu: viatu vilivunjika katikati na wateja wakarudisha. Siku zilezile Wahabeshi walikuwa wanakufa kwa mabomu na gazi, na hatuwezi kulinganisha matatizo ya duka na ile lufu. Lakini ndivyo ilivyokuwa: vita moja, na mu Florence mama wanalia juu ya viatu.

Akakaa na vipande vya koki, ile wanafungia nazo chupa za divai, inatoka mu kisiwa cha Sardinia. Akajaza ile nafasi tupu yote, tangu kisigino mpaka mbele. Daraja likageuka kilima, chuma hakikuhitajiwa tena. Mara ya kwanza mama waliona kiatu kibaya sana. Mmoja wa ukoo mkubwa akakubali kukivaa Jumapili kwenda misa, wengine wakaona anatembea bila kuchoka, na mara moja kila mtu akakitaka. Ni ile talon nzima tunayoiona hata leo mu masoko yetu yote. Wakati wa vita alishona pia na majani, na uzi, na hata karatasi zinazong'aa za kufungia bonbon.

Kuna kitu ambacho wanaomusifu hupita mbio juu yake. Alishonea kila aliyelipa. Mu vitabu vyake vya wateja kuna Claretta Petacci, mpenzi wa Mussolini, na Eva Braun wa Hitler, karibu na majina ya mama wa Hollywood. Fundi anaweza kusema mguu ni mguu. Sisi tunaona haitoshi.

Mu 1938 alinunua Palazzo Spini Feroni, jumba la mawe lililoanza kujengwa 1289, kando ya mto Arno, mu barabara ya Tornabuoni. Mu 1940 alimuoa Wanda Miletti, binti wa munganga wa Bonito. Bwana alikuwa na miaka 42, bibi 18. Wakazaa watoto sita. Mu mwezi wa nane 1944 Wajerumani walipokimbia walilipua madaraja ya Florence, pamoja na lile lililo karibu kabisa na jumba. Jumba likasimama.

Nyuma ya vita watu wakarudi kutembea. Waitalia wana desturi: jioni wanatoka, familia nzima, wanapanda na kushuka barabara moja bila haraka, wanasalimiana, wanaangalia madirisha ya maduka. Barabara ya Tornabuoni ilikuwa ya matembezi hayo, na wageni wa Marekani wakajiunga nayo. Mu 1947 alitoa sandali ya uzi wa nailoni ambayo karibu haionekani mguuni, na mu Dallas wakamupa zawadi kubwa. Chuma nacho kikarudi, na pamoja nacho ile talon nyembamba sawa msumari. Nani alikuwa wa kwanza kuitengeneza, watu wanabishana, maana Wafaransa nao walikuwa juu ya kazi hiyo. Ferragamo alishonea Marilyn Monroe za sentimita 11. Uzito wote wa mama ukawa unaanguka juu ya ncha ndogo sana. Mu majumba mengi ya Ulaya ilitoboa sakafu za mbao, na wengine wakaikataza mlangoni.

Alikufa mu mwezi wa nane 1960, ana miaka 62. Wanda hakuwa amefanya kazi ya duka hata siku moja. Mtoto wa mwisho alikuwa bado mdogo sana. Watu walimushauri auze. Yeye, pamoja na Fiamma, binti wa kwanza aliyekuwa amejifunza kwa baba, akakamata kazi, na akaishi mpaka 2018. Tangu 1995 sehemu ya jumba ni makumbusho. Ndani zimepangwa zile miguu za mti alizochonga kwa vipimo vya wateja wake, na kila moja ina jina la mwenye mguu.