Hassan Fathy, aliyetaka masikini wajijengee kwa udongo wao

Hassan Fathy alifariki mjini Cairo, Misri, tarehe 30 Novemba 1989, akiwa na miaka 89. Alikuwa msanifu wa majengo aliyejulikana dunia nzima, lakini hakupata jina hilo kwa maghorofa ya beto na vioo. Alilipata kwa matofali mabichi, yale yanayokaushwa kwa jua, na kwa kijiji kimoja ambacho hakikumalizika hata leo.

Alizaliwa mjini Alexandria mwaka wa 1900, katika jamaa tajiri yenye mashamba makubwa. Baba yake hakupenda maisha ya kijijini, na Fathy alifika kwa mara ya kwanza kwenye shamba la jamaa akiwa na miaka 27. Wakati huo alikuwa amekwisha kupata diploma yake mjini Cairo, mwaka wa 1926. Hali aliyoiona ilimshtua: wakulima walikaa katika vijumba vyenye giza na uchafu, kwenye mali ya watu wa nyumbani kwake.

Tangu hapo swali lake lilikuwa moja. Mkulima asiye na feza atapata wapi nyumba safi na imara? Simenti, vyuma na mbao vilinunuliwa kwa bei kubwa, na mbao nyingi zilitoka inchi za nje. Lakini udongo ulikuwa chini ya miguu ya kila mtu, na wakulima wa Misri walijua kufyatua matofali tangu zamani za mafarao. Kuta hazikuwa shida. Shida ilikuwa paa.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, mbao na vyuma vikawa haba kabisa. Fathy akajaribu kuezeka kwa matofali ya udongo yenyewe, kwa umbo la tao. Matao yakapasuka na kuanguka. Ndugu yake, aliyekuwa akifanya kazi huko Aswan, kusini mwa inchi, akamwambia kwamba Wanubi wa huko wanaezeka kwa tofali bila kutumia ubao wowote. Fathy akaenda kujionea mwenyewe.

Mafundi wa Kinubi hawakuhitaji kofraji. Walijenga ukuta wa nyuma mrefu kuliko kuta za pembeni, wakachora tao juu yake kwa udongo, kwa macho tu. Kisha waliegemeza matofali kwenye ukuta huo, yakilala kidogo, pete moja ikibeba nyingine. Matofali hayo yalitiwa majani makavu mengi ili yawe mepesi, na yalikwanguliwa kwa vidole ili yashike vizuri. Chumba kiliezekwa kwa siku chache. Kule Luxor Fathy aliona kwamba ufundi huo si wa jana: maghala ya matofali mabichi karibu na hekalu la Farao Ramses II yana matao yaliyodumu zaidi ya miaka 3.000.

Mwaka wa 1945, idara ya mambo ya kale ya Misri ilimpa kazi iliyobadili maisha yake. Watu karibu 7.000 wa Gourna, ngambo ya magaribi ya mto Nile mbele ya Luxor, walikaa juu ya makaburi ya kale, na wengi waliishi kwa kuchimba na kuuza vitu vya humo. Mchoro mmoja maarufu ulipokatwa mwambani na kuibiwa, serikali ikaamua kuwahamisha wote. Fathy aliombwa kujenga kijiji kipya bondeni, kwa garama ndogo.

Hakutaka kuchora nyumba moja na kuirudia mara 900. Alitaka kila jamaa ipate nyumba kulingana na ukubwa wake na desturi zake, na ndugu wa ukoo mmoja wazunguke uwanja wao. Alileta mafundi kutoka Aswan wafundishe vijana wa Gourna, ili ufundi ubaki kijijini hata yeye akiondoka. Msikiti ukasimama, pamoja na soko, shule, ukumbi wa michezo na nyumba zaidi ya mia moja.

Lakini wakaaji hawakutaka kuhama. Kule juu palikuwa chakula chao, na hakuna aliyewapa kazi nyingine ya kutosha. Tena paa za kuba ziliwakumbusha makaburi ya watu waheshimiwa. Kuna usiku ambapo tuta la maji lilitobolewa kwa makusudi, na mafuriko yakaingia kijiji kipya. Huku viongozi wa Cairo wakichelewesha feza na majani ya kufyatulia matofali. Mwaka wa 1948 kazi ikasimama, karibu sehemu moja tu kwa tano ikiwa imejengwa.

Kwa Fathy lilikuwa pigo kubwa. Mwaka wa 1957 alikwenda kufanya kazi Athens, akarudi baada ya miaka michache. Alianza kijiji kingine, Baris, katika jangwa la Kharga. Vita vya mwaka wa 1967 vikakisimamisha. Lakini hakuacha kutoa ushahidi. Katika jaribio moja mjini Cairo, chumba cha matofali mabichi kilibaki kati ya digri 21 na 23 mchana na usiku, wakati chumba cha beto kilifikia digri 36, zaidi ya joto la nje.

Mwaka wa 1969 alichapisha habari za Gourna, bila kuficha kushindwa. Kitabu hicho kilitoka kwa Kifaransa mwaka uliofuata kwa jina la Construire avec le peuple, na kupitia hicho vijana wa inchi nyingi walijifunza kazi yake. Mwaka wa 1980 alipewa tuzo ya Aga Khan na tuzo ya Right Livelihood.

Leo nyumba nyingi za Gourna mpya zimebomolewa, na wenyewe wamejenga beto mahali pake. Maji ya chini ya ardhi yenye chumvi yamekula misingi ya nyingine. Msikiti ungali umesimama, na UNESCO imesaidia kutengeneza majengo ya watu wote. Udongo wa Fathy haukushindwa na paa. Ulishindwa pale ambapo watu waliamuliwa kuhama kabla ya kuulizwa watakula nini.