Arnold Theiler: Mganga wa mifugo aliyefuata mfupa mdomoni mwa ng'ombe

NG'OMBE anayeacha majani na kutafuna mfupa mkavu ni jambo ambalo wafugaji wengi wamewahi kuliona na kulipuuza. Sir Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi, hakulipuuza. Aliufuata mfupa huo hadi akapata chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukiwafilisi wafugaji wa Afrika Kusini, na kuonyesha kuwa kinga ya baadhi ya magonjwa ya mifugo inaanzia kwenye malisho.

Theiler alizaliwa Machi 26, 1867 katika mji mdogo wa Frick. Alisomea udaktari wa mifugo Bern na Zurich, akahitimu mwaka 1889. Miaka miwili baadaye alihamia Transvaal, Afrika Kusini, kutafuta maisha. Wateja hawakuwapo, hivyo akakubali kibarua katika shamba la Irene, karibu na Pretoria. Hapo ndipo mashine ya kukatia majani ya mifugo ilipomkata mkono wa kushoto.

Kwa mtu anayeishi kwa kukamata, kuzalisha na kutibu wanyama, huo ungeweza kuwa mwisho wa kazi. Theiler alivaa mkono wa bandia na kuendelea. Mwaka 1893 ndui ilipozuka katika eneo la migodi ya dhahabu, alitengeneza chanjo, na jina lake likaanza kujulikana serikalini.

Sotoka na ndigana

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1896. Sotoka, iliyokuwa imepita Afrika Mashariki miaka michache kabla na kuwaacha Wamaasai wengi bila mifugo, ilivuka mto Zambezi na kuua ng'ombe kwa makundi. Theiler, wakati huo akiwa daktari wa mifugo wa serikali ya Transvaal, alishirikiana na Herbert Watkins-Pitchford wa Natal. Walionyesha kuwa majimaji ya damu ya ng'ombe aliyepona yanaweza kumkinga ambaye hajaugua. Safari ya kuitokomeza sotoka ilikuwa ndefu, kwani ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011.

Hasara ya sotoka ilizaa nyingine. Ili kujaza mazizi yaliyobaki matupu, walowezi wa Rhodesia waliagiza ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakapitishwa bandari ya Beira. Ng'ombe hao walikuja na ndigana kali, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilisambaa hadi Transvaal. Wengi waliudhani ni ugonjwa wa kukojoa damu uliozoeleka huko.

Theiler alitofautisha magonjwa hayo na mwaka 1904 akakipa jina kimelea kinachosababisha ndigana kali. Baadaye wanasayansi wenzake waliliita kundi zima la vimelea hivyo Theileria kwa heshima yake. Kwa hiyo kila mfugaji wa Tanzania au Kenya anayeogesha ng'ombe kwa kuhofia kupe wa kahawia anapambana na mdudu mwenye jina la Mswisi huyo.

Mwaka 1908 alihamia katika maabara mpya ya Onderstepoort, kaskazini mwa Pretoria. Huko alitambua kimelea cha ndigana baridi na kugundua aina ya pili isiyo kali. Aina hiyo hafifu aliitumia kama chanjo dhidi ya ile inayoua, na njia hiyo imeendelea kutumika katika nchi kadhaa zaidi ya miaka 100 baadaye.

Siri ya uwanda wa umaskini

Kulikuwa na ugonjwa mmoja uliomshinda kwa miaka mingi. Makaburu waliuita lamsiekte, yaani ugonjwa wa kulemaa. Ng'ombe alianza kuyumba, akalala, akashindwa kumeza, na hatimaye akafa. Theiler alidhani kuna mmea wenye sumu, akautafuta bila mafanikio.

Mwaka 1919 aliweka kambi ya utafiti kwenye shamba la Armoedsvlakte, karibu na Vryburg. Jina hilo maana yake ni uwanda wa umaskini, na mifugo ya hapo ililistahili. Wafugaji walikuwa wamekwisha kuona kuwa wanaokufa ni ng'ombe wanaotafuna mifupa. Hata Duncan Hutcheon, daktari wa mifugo wa Koloni ya Cape, alishawahi kushuku upungufu wa fosforasi tangu karne ya 19. Kilichokosekana ni ushahidi.

Theiler na wenzake waliunganisha pingu moja baada ya nyingine. Udongo wa eneo hilo una fosforasi kidogo, hivyo majani nayo yana kidogo. Ng'ombe anayekosa madini hayo hupata uchu wa mifupa, hasa anayenyonyesha na ndama anayekua. Kama mfupa umetoka kwenye mzoga uliooza, huwa na sumu ya bakteria. Ng'ombe hufa kwa sumu hiyo, na mzoga wake unakuwa mtego kwa mwingine.

Dawa ilikuwa nafuu kuliko ugonjwa. Walipolishwa unga wa mifupa iliyosafishwa, ng'ombe waliacha kuokota mifupa na vifo vikapungua. Zaidi ya hapo, walinenepa na kutoa maziwa mengi kuliko wasiopewa. Mfugaji aliyenunua madini kwa kuogopa kifo alijikuta anapata faida sokoni.

Somo kwa mfugaji

Hesabu hiyo bado ni ile ile. Ng'ombe anayelamba udongo, kutafuna mifupa, kuchelewa kushika mimba au kukonda wakati majani yapo, huenda anadai madini. Ila unga wa mifupa usitumike kiholela. Tangu kuzuka kwa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe Uingereza, nchi nyingi zimepiga marufuku kuwalisha ng'ombe mabaki ya wanyama. Kilicho salama ni chumvi za madini zenye fosforasi, kwa ushauri wa ofisa mifugo. Mizoga nayo izikwe au ichomwe, isiachwe machungani.

Theiler alipewa hadhi ya Sir mwaka 1914 na kuwa mkuu wa kwanza wa kitivo cha udaktari wa mifugo cha Onderstepoort mwaka 1920. Alistaafu mwaka 1927 na kufariki dunia London Julai 24, 1936. Binti yake, Gertrud, alikuwa mtaalamu wa kupe, na mwanawe Max alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi iliyoleta chanjo ya homa ya manjano.

Mashine ya kukatia malisho ilimpokonya mkono akiwa kijana. Baada ya karibu miaka 30, ni kwenye malisho hayo hayo alikopata jibu lililookoa maelfu ya ng'ombe.