Carl Linnaeus na Makundi ya Wanyama

Carl Linnaeus alizaliwa nchini Sweden mwaka 1707. Alisomea udaktari, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Uppsala.

Alipanga viumbe katika makundi kwa kulinganisha maumbile yao. Nyangumi ana umbo la samaki. Basi hapo kwanza Linnaeus alimweka pamoja na samaki. Lakini nyangumi hupumua kwa mapafu na hunyonyesha watoto wake. Kwa hiyo mwaka 1758 alimhamishia katika kundi la mamalia. Binadamu naye alimweka pamoja na nyani, jambo lililowachukiza watu wengi. Hata hivyo hakulibadili.

Linnaeus alifariki mwaka 1778. Mwaka 1859 Charles Darwin alieleza kwamba wanyama wa kundi moja ni ndugu, kwa kuwa wametokana na asili moja. Miongoni mwa wanyama walio hai, ndugu wa karibu wa nyangumi na pomboo ni kiboko.