Gunpei Yokoi: Fundi wa Karata Aliyeutia Mchezo Mfukoni

Ukipita jioni katika mitaa ya Likoni, Kisauni au Changamwe, baada ya watoto kutoka shule na kabla ya adhana ya Maghribi, hukosi kukiona kibanda cha mabati ambamo mmewekwa televisheni mbili tatu na mashine za PlayStation, na vijana wamejipanga kila mmoja akingoja zamu yake. Wengi hucheza mpira, na hapo hapana neno kubwa. Lakini iko michezo mingine ambayo mzee akichungulia huondoka ameinamisha uso: watu wanaibiana magari, wanamiminiana risasi, na wanawake wamo nusu uchi. Juu ya jalada la mchezo huo imeandikwa wazi kwamba ni wa waliotimia miaka 18. Aliyeshika kidude cha kuuchezea ana miaka 9.

Basi malalamiko yanayosikika barazani ni mawili, nayo yanapingana. Wako wasemao kwamba michezo ya vidio ni upuuzi wa kitoto, na mtu mwenye ndevu zake haimfai. Na wako wasemao kwamba michezo hii imetekwa na watu wazima hata watoto hawana tena kilicho chao. Ili kuyapima maneno haya, ni vyema msomaji ayajue maisha ya bwana mmoja wa Kijapani, marehemu Gunpei Yokoi, ambaye kwa muda wa miaka 31 kazi yake ilikuwa ndiyo hiyo hasa, kuutoa mchezo kwa mkubwa akampa mdogo, kisha akautoa kwa mdogo na kumrudishia mkubwa.

Bwana Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 katika mji wa Kyoto, mji wa kale wa wafalme wa Japani. Alisomea mambo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha mjini humo humo, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni moja ya hapo kwao iitwayo Nintendo. Asidhani msomaji kwamba aliajiriwa kubuni chochote. Kazi yake ilikuwa kuziangalia mashine za kiwandani zisiharibike, na mashine zenyewe zilikuwa za kutengeneza karata.

Hapa yafaa tutue kidogo. Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, na biashara yake ilikuwa karata za Kijapani zenye picha za maua ziitwazo hanafuda. Karata hizo zilipendwa sana na wacheza kamari, ambao walitaka karata mpya kila mara, na hapo ndipo mwenye duka alipopata faida yake. Kwa hiyo kampuni ambayo leo hutajwa kila pazungumzwapo watoto ilianzia mikononi mwa watu wazima, tena watu wazima wa shughuli ambayo kwetu sisi haina haja ya kuelezwa hukumu yake. Ni mpaka mwaka 1959, zama za kitukuu chake, Hiroshi Yamauchi, ndipo ilipotoa karata zenye picha za Disney ili ziingie majumbani kwa familia.

Fundi wetu, kazi ya kuangalia mashine ilikuwa haimshughulishi siku nzima. Katika saa zake za kukaa bure akajitengenezea mkono wa vipande vilivyopishana kama mkasi: ukiubana huku, unarefuka na kushika kitu kule. Siku moja mwaka 1966 Bwana Yamauchi akapita kiwandani, akamkuta mfanyakazi wake anachezea. Mtu angetazamia barua ya kufukuzwa. Badala yake aliitwa ofisini akaamriwa aufanye mkono ule bidhaa ya kuuzwa msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Ukapewa jina la Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni 1. Tangu hapo Yokoi hakurudi tena kwenye mashine za karata.

Vitu vilivyofuata si vyote vya kusifiwa. Mwaka 1969 alitoa kijisanduku kiitwacho Love Tester, ambacho kijana na msichana hukishika kila mmoja upande wake huku wakishikana mikono, na mshale huonyesha eti wanapendana kiasi gani. Ulikuwa ni umeme mdogo tu unaopita mwilini, na Yokoi mwenyewe hakuficha kwamba maana ya chombo kile ilikuwa ni kupata kisingizio cha kuwashika wasichana mkono. Mzazi wa Kisauni asingekitia nyumbani mwake, na haki yake. Lakini tukitaje, maana kinaonyesha kwamba tangu mwanzo bwana huyu hakuwa akiwafikiria watoto peke yao.

Jambo lililomtofautisha na wabunifu wengine ni desturi yake ya kutokimbilia kitu kipya. Yeye alipenda kitu ambacho kimekwisha zoeleka, bei yake imeshuka, kila fundi anakijua, kisha akakitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Mwenyewe alikuwa na maneno yake ya kuieleza fikra hiyo, ambayo kwa ufupi ni kuwaza kwa upande juu ya ufundi ulionyauka. Kioo cha kugeuza mwanga kuwa umeme, mathalan, wengine walikiona ni cha kupatia nguvu za umeme. Yeye alikitia katika shabaha, ili bunduki ya taa ikimulika, shabaha ijue imepigwa. Bunduki hizo zilianza kama mchezo wa nyumbani, na mwaka 1973 Nintendo ikazipeleka kwenye kumbi kubwa ambazo watu walikuwa wameziacha. Mara ikazuka ile shida ya mafuta ya mwaka huo, maagizo yakafutwa, na kampuni ikabaki na madeni shingoni.

Kilichoiokoa ni safari ya treni. Yokoi alikuwa akisafiri katika treni ya mwendo wa kasi akamwona abiria mmoja, mtu mzima mwenye suti, anabonyezabonyeza kikokotoo chake cha hesabu. Hakuwa na hesabu yoyote. Alikuwa anaua wakati. Msomaji wa Likoni ambaye amepata kusimama akingoja feri saa ya watu kurudi makwao analijua jambo hili bila ya kufafanuliwa. Yokoi akawaza: mtu huyu anataka kucheza lakini anaona haya. Na siku ile alipokuwa akimwendesha mkubwa wake garini, akalitaja wazo lake ili pasiwe kimya tu. Vioo vile vya vikokotoo vilikuwa vimekuwa rahisi kwa ajili ya ushindani wa makampuni ya Sharp na Casio, basi Aprili 1980 ukatoka mchezo wa kwanza wa Game & Watch, mwembamba, wa kufichika viganjani, na saa yake ndani yake.

Uliundwa kwa ajili ya yule bwana wa treni. Walioununua kwa fujo ni watoto. Mpaka ulipokwisha kutengenezwa, ilikuwa imeuzwa milioni 43 na laki 4, na madeni ya Nintendo yakalipwa. Katika mmojawapo, wa mwaka 1982, ndipo alipotia kile kitufe chenye umbo la alama ya kujumlisha, cha kwendea juu, chini, kulia na kushoto. Kitazame kidude chochote katika vibanda vyetu leo, utakiona kitufe hicho hapo kushoto.

Kazi zake nyingine za miaka hiyo ni nyingi, na nafasi haitoshi; itoshe kusema kwamba alimsimamia kijana aitwaye Shigeru Miyamoto alipotengeneza Donkey Kong mwaka 1981.

Tarehe 21 Aprili 1989 ulitoka mtambo uliomfanya Yokoi ajulikane duniani, nao ni Game Boy. Wataalamu waliucheka. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa cha kijanikijani, na wapinzani wakatoa mitambo ya rangi za kupendeza, Atari mwaka ule ule na Sega mwaka uliofuata. Lakini mtambo wa Sega ulikula betri 6 katika saa 3 mpaka 5, hali Game Boy, kwa mawe yake 4 madogo, ulikwenda saa 15 na zaidi. Mzazi ndiye anunuaye mawe, na mzazi ana hesabu zake. Game Boy na nduguye wa rangi aliyemfuata waliuzwa zaidi ya milioni 118. Mmoja uliochomeka katika kambi ya askari wakati wa vita vya Ghuba uliwekwa miaka mingi katika duka la Nintendo mjini New York, umeyeyuka nje lakini unacheza.

Kwa suala letu, jambo kubwa ni mchezo uliofungwa pamoja nao katika nchi za Magharibi. Wengi walitazamia awe Mario, yule fundi wa mabomba apendwaye na watoto. Badala yake ulichaguliwa Tetris, mchezo uliobuniwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, wa vipande vinavyoanguka na mtu kuvipanga kama fundi mwashi apangavyo matofali. Hoja ya Henk Rogers, aliyeshawishi jambo hili, ilikuwa kwamba Mario atauza mtambo kwa wavulana, bali Tetris utauuza kwa kila mtu. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1993 mke wa Rais wa Marekani, Hillary Clinton, alipigwa picha anacheza Game Boy ndani ya ndege, na mwaka huo huo mwanaanga wa Kirusi akaruka na Tetris mpaka kituo cha Mir.

Huku kwetu bara ya Mombasa, walioumiliki Game Boy wenyewe walikuwa wachache. Tulichokipata sisi ni vile vigemu rahisi vya matofali kutoka Uchina, vilivyouzwa madukani na vichochoroni katika miaka ya 1990. Mtoto aliletewa, na baba akakaa nacho usiku.

Hapo mwandishi ana rai yake. Mchezo wa mtu mzima na mchezo mchafu ni vitu viwili, na baraza zetu zinavichanganya. Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa watu wazima hasa; hata hivyo mtoto huruhusiwa kusimama akatazama, kisha akaenda kuchimba mashimo yake mchangani. Hakuna amfukuzaye, kwa sababu hapana cha kumficha. Mchezo wa Yokoi ulikuwa wa namna hiyo, ulianza na mkubwa na mdogo akaingia bila madhara.

Lakini biashara ilishika njia nyingine. Watoto walionunua michezo miaka ya 1980 walikua wakawa na mishahara yao, na makampuni yakawafuata. Mwaka 1993 Nintendo iliuuza mchezo wa kupigana wa Mortal Kombat baada ya kuiondoa damu. Sega ikauuza damu ikiwamo kwa wenye kujua namba ya siri, na wa Sega ndio ulionunuliwa zaidi. Mwaka uliofuata, sehemu ya pili ilipotoka, Nintendo nayo iliiacha damu. Kwa ajili ya makelele ya Baraza la Seneti la Marekani ndipo ilipoundwa, mwaka 1994, bodi ya kuandika umri juu ya majalada. Maandishi hayo ni mazuri, ila yanamfaa mwenye kuyasoma, na mwenye kibanda huangalia shilingi.

Yokoi aliliona jambo hili likija. Alilalamika kwamba wenzake wanashindana kwa rangi na kasi kwa kuwa fikra zimewaishia, na kwamba michezo inazidi kuwa migumu hata mgeni hana pa kuingilia. Jibu lake mwenyewe, lakini, lilimwaibisha. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, mtambo wa kuinamia na kutia macho ndani, wenye picha nyekundu juu ya giza. Watu waliumwa na vichwa, na watoto wa chini ya miaka 7 walionywa wasiuguse. Uliuzwa kama laki 7 na elfu 70 tu, ukaachwa kabla ya mwaka kutimia. Yokoi alikaa mpaka akautoa Game Boy mwembamba zaidi, kisha tarehe 15 Agosti 1996, akiwa na miaka 54, akaondoka Nintendo na kufungua kampuni yake ndogo, Koto.

Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa abiria katika gari kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoa wa Ishikawa. Gari lao likagonga lori kwa nyuma. Akashuka kutazama palipoharibika, na gari jingine likaja likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Mwaka huo wa 1997 ulitoka mchezo wa kwanza wa Grand Theft Auto, ule wa wizi wa magari, ambao wa tano wake, wa mwaka 2013, umeuzwa zaidi ya milioni 200 na ndio huo wa vibandani. Mwaka huo huo pia Nokia ilitia katika simu yake ya 6110 mchezo wa nyoka anayemeza akarefuka, na baada ya miaka michache hapakuwa na mzee wa kingojeo cha feri asiyeujua.

Mtambo wa mwisho alioufanyia kazi Yokoi, WonderSwan wa kampuni ya Bandai, ulitoka mwaka 1999, yeye hayupo. Ulitumia jiwe moja tu. Mmoja katika michezo yake ya kwanza ulipewa jina la Gunpey kwa kumkumbuka. Mchezaji hupandisha na kushusha vipande vya mistari mpaka viungane kutoka upande mmoja wa kioo hadi wa pili, na jalada lake halikuhitaji kumkataza mtu yeyote.