Colin Chapman na Motokaa Zake Nyepesi

Wengi wetu tunawajua madereva wa mashindano kwa majina yao, lakini mtu aliyeiunda motokaa yenyewe hatumwulizii. Napenda kuwaeleza habari za Mwingereza mmoja, Colin Chapman, aliyeanza kuunda motokaa za mashindano akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu asiye na fedha, na kazi yake ikabadili motokaa za mashindano dunia nzima. Nimemchagua kwa kuwa mambo aliyoyatumia ni yale yale tunayofundishwa katika fizikia. Tena nimemchagua kwa kuwa kila niisomapo habari yake nashindwa kukata shauri kama nimsifu tu, au nimlaumu pia.

Alizaliwa tarehe 19 Mei, 1928. Baba yake alikuwa na hoteli huko Hornsey, upande wa kaskazini wa London. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha Chapman aliingia Chuo Kikuu cha London, katika University College, akasomea uhandisi wa majengo, yaani kupima nguvu za mihimili, madaraja na mapaa. Huko huko alijiunga na kikosi cha wanafunzi cha hewani akajifunza kuendesha eropleni. Mambo hayo mawili, mihimili na mabawa, yashikeni vema, maana ndiyo yaliyomfikisha alikofika.

Ili apate fedha alikuwa akinunua motokaa kuukuu na kuziuza. Biashara ilikwenda vizuri mpaka mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipofuta mgao wa petroli kwa watu wasio na kazi maalumu. Nani atanunua motokaa asiyoweza kuitilia mafuta? Mali yote ikauzwa kwa hasara, akabakiwa na Austin Seven moja, kuukuu kabisa. Hiyo haikupata mnunuzi, basi akaamua kuivunja na kuiunda upya iwe ya mashindano ya kupanda vilima na kupita matopeni.

Kazi aliifanya katika gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Bodi ya zamani aliitupa, akatengeneza nyingine kwa plaiwudi na mabati ya alumini, akiipanga kama alivyofundishwa darasani, ili bodi yenyewe ichukue sehemu ya mzigo badala ya kuwa pambo juu ya fremu. Mwaka 1948 motokaa ikawa tayari. Akaiita Lotus, yaani yungiyungi, lile ua la majini. Sababu ya jina hilo hakupata kuieleza.

Mwaka huo huo alianguka katika mtihani wa mwisho wa hesabu. Naomba wenzangu wa Kidato cha Nne wasicheke sana. Alirudia karatasi hiyo mwaka 1949 akashinda, akapata shahada yake.

Motokaa ya tatu, ya mwaka 1951, ndiyo iliyoonyesha akili yake ilivyo. Injini ya Austin ina silinda nne lakini matundu ya kuvutia hewa na petroli ni mawili tu, kila silinda mbili zikigombea moja. Chapman alitia kigawanyo cha chuma katika njia hiyo, kila silinda ikapata njia yake, na nguvu ikaongezeka. Akawashinda wenzake mno hata wakubwa wa mashindano wakabadili sheria kumzuia. Tangu hapo mpaka kufa kwake alisoma sheria kama wakili, akitafuta kisichokatazwa.

Mwaka 1952 alianzisha kampuni katika banda lililokuwa zizi la farasi, nyuma ya hoteli ya baba yake. Mtaji ulikuwa pauni 25, alizokopeshwa na Hazel. Mchana alifanya kazi katika kampuni ya alumini, usiku akaunda motokaa. Walioana mwaka 1954.

Sasa niieleze fikira yake, maana ni moja tu. Ukiongeza nguvu ya injini, motokaa itakimbia zaidi katika barabara iliyonyoka. Ukipunguza uzito, itakimbia zaidi kila mahali: itaondoka upesi, itakata kona upesi, itasimama upesi. Kijana yeyote aliyewahi kuvua madigadi na keria ya baiskeli kabla ya kushindana na wenzake analijua jambo hilo. Lakini Chapman hakuishia kwenye madigadi. Kila kipande alikiuliza kina kazi gani, na kama kingeweza kufanya kazi mbili, kingine kiliondolewa.

Mwaka 1962 alitoa Lotus 25. Motokaa za Grand Prix za wakati ule zilikuwa na fremu ya mabomba yaliyofungwa pamoja, kisha bodi ikavikwa juu. Yeye aliyaacha mabomba, akafanya kitu kama mtumbwi wa mabati ya alumini, dereva akalala ndani karibu chali. Ilikuwa nyepesi kuliko ya mabomba, na bado ilikataa zaidi kupindika. Mwaka 1963 Jim Clark wa Scotland aliitumia kushinda mashindano 7 katika 10, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1965 alipata ubingwa tena, na mwaka huo huo walivuka bahari wakashinda Indianapolis, Marekani, Clark akiongoza mizunguko 190 katika 200. Kabla ya hapo haikupata kushinda huko motokaa yenye injini nyuma ya dereva baada ya vita.

Hayo ni ya kusifiwa. Lakini kitu kikipunguzwa sana hufika mahali kikavunjika. Mwaka 1960, huko Spa, Ubelgiji, gurudumu la Lotus ya Stirling Moss liling'oka naye akavunjika miguu. Siku hiyo hiyo usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulikatika, akaumia vibaya, asirudi tena katika mashindano makubwa. Mwaka 1968 Clark alikufa Hockenheim, Ujerumani, ndani ya Lotus, ingawa hapo wengi hudhani tairi ndiyo iliyopoteza upepo. Chapman alimpenda Clark sana, na msiba huo nusura umwondoe katika kazi.

Baada ya Clark alikuja Jochen Rindt. Mwaka 1969, huko Barcelona, mabawa marefu ya nyuma yalivunjika katika Lotus mbili, ya Graham Hill na yake, akaumia usoni. Alimwandikia Chapman barua kumweleza kwamba motokaa zake zina mbio za kutosha, na kwamba ratli chache zikiongezwa kuimarisha sehemu dhaifu hazitawapotezea ushindi. Mimi nikiisoma habari ya barua hiyo husimama. Dereva haombi fedha wala sifa, anaomba ratli chache za chuma.

Tarehe 5 Septemba, 1970, huko Monza, Italia, alikuwa akifanya mazoezi katika Lotus 72. Breki za mbele za motokaa hiyo hazikuwa kwenye magurudumu, bali ndani ya bodi, zimeunganishwa kwa vyuma virefu, ili magurudumu yawe mepesi. Chuma cha kulia kilikatika alipofunga breki, akagonga kizuizi cha pembeni, akafa, umri wake miaka 28. Mahakama ya Italia iliona kwamba kuvunjika kwa chuma ndiko kulikoanzisha ajali, lakini kilichomwua ni kizuizi kilichowekwa vibaya. Pointi alizokuwa nazo hazikufikiwa na mtu, kwa hiyo akawa bingwa wa dunia akiwa amekwisha kufa, na kombe likapokewa na mjane wake, Nina.

Chapman aliendelea. Kwa Lotus 78 na 79 alikumbuka eropleni zake: pande za chini alizifanya kama bawa lililogeuzwa, hewa ikipita kwa kasi kanieneo hupungua, motokaa ikanyonywa barabarani, kona ikakatwa kwa mwendo usiowezekana awali. Mwaka 1978 Mario Andretti akawa bingwa kwa njia hiyo. Mwenzake, Ronnie Peterson, alikufa baada ya ajali ya Monza mwaka huo.

Chapman alikufa kwa moyo tarehe 16 Desemba, 1982, umri wake miaka 54. Timu yake ilikuwa imepata ubingwa wa watengenezaji mara 7. Baadaye ilijulikana kwamba fedha nyingi za kiwanda cha DeLorean cha Ireland ya Kaskazini, kilichosaidiwa na Serikali, zilipotea kwa njia iliyomhusu yeye. Mhasibu wake alifungwa mwaka 1992, na jaji akatamka kwamba Chapman mwenyewe, lau angalikuwa hai, angalipata kifungo kisichopungua miaka 10. Timu ilikwisha baada ya mashindano ya mwaka 1994.