Sheikh Mbaruk wa Gazi na Heshima ya Mgeni

Kila nivukapo feri kurudi kwangu Likoni, nikiitazama njia iendayo kusini, humkumbuka marehemu Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui. Sisi watu wa ng'ambo tumelisikia jina lake tangu utotoni, lakini vijana wetu wengi hawajui ni lipi alilolipigania.

Baba yake, Rashid bin Salim, alikuwa Liwali wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji. Rashid na wakubwa wenziwe walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Jamaa waliosalimika walitawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi. Mbaruk akawa mkuu wa Gazi, na mara kadhaa alipigana na Masultani wa Unguja. Alipozidiwa alikimbilia boma lake la Mwele, ndani ya misitu.

Kampuni ya Waingereza ilipoingia pwani mwaka 1888, Sheikh alipatana nayo. Fitina ilizuka mwaka 1895, alipofariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Waingereza walimtawaza Rashid, mwana wa marehemu na rafiki yao, wakampita binamu yake, ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid, aliyejiona ana haki zaidi. Huyu na nduguye Aziz waliasi, wakashindwa, wakakimbilia kwa mzee wao wa Gazi.

Hapo ndipo Sheikh alipopewa mtihani. Kuwatoa jamaa zake kungemwachia raha yake. Kuwahifadhi kulikuwa ni vita. Akachagua kuwahifadhi. Agosti 1895 Waingereza waliiteka Mwele, lakini vita viliendelea msituni hadi walipoletwa askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 Sheikh alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wadachi. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Tusimpambe kupita kiasi. Mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa, na uhuru alioutaka yeye hao hawakuupata kwake. Hilo hesabu yake iko kwa Mola. Lakini aliyebisha mlango wake akitaka hifadhi hakumuuza, na kwa ajili hiyo alizikwa mbali na Gazi. Mwenyezi Mungu amrehemu.